Wageni wa Idd Pili

Mambo yalianza na halua. Asubuhi ya Idd pili, Ayeyo Naimo, bibi yake Ramla, aliuma kipande, akatafuna kidogo, akaacha.

"Naa Ramla. Hii umenunua wapi, hardware?"

Ramla akaonja. Mafuta yapo, iliki ipo, utamu haupo. Akajaribu biskuti: mchanga. Tende: ngozi ya kiatu. Akamimina sukari kiganjani, akailamba kama mbuzi alambaye chumvi, asipate chochote ila chembe kavu zinazokwaruza ulimi.

"Labda Korona imerudi, ayeyo."

"Korona ilichukua bua za watu," bibi akasema kwa lafudhi yake, akimaanisha pua. "Hii imechukua sukari yetu."

"Zangu ni tamu," akasema Sabirin. Alikuwa mkekani, miaka mitano, amekumbatia mfuko wa peremende za jana, shavu limevimba.

Sabirin hakuwa mtoto wa Ramla. Alikuwa wa kaka yake na mkewe Saynab, ambao Idd ilikuwa imewakuta kazini katika kambi ya wakimbizi ya Ifo, kwa sababu njaa haichukui likizo na mabosi wa mashirika hawaoni mwezi. "Mwangalie kama jicho lako," Saynab alikuwa amesema kwenye simu. Ramla alikuwa na digrii ya takwimu, second upper, na miaka minne ya kulea watoto wa wenye kazi. Ukisomea takwimu katika nchi hii, ukimaliza unaingizwa humo humo kwenye hesabu ya wasio na ajira. Kwa hiyo kazi yoyote aliyopewa, hata ya kushika mkono wa mtoto, aliifanya kwa hasira ya kutaka kuonekana anaweza.

Ule mzunguko wa Idd, watoto wakibisha mlango kwa mlango kuomba peremende, aliupanga kama proposal ya wafadhili. Siku moja kabla, alipita bulla yote, mtaa mzima, akikagua. Nyumba iliyo kando ya barabara ya malori, hapana. Nyumba ya vijana wanaotafuna miraa barazani hadi macho yatoke, hapana. Nyumba yenye ngamia mkorofi langoni, hapana. Nyumba ya yule mama aulizaye kila mwaka, "Na hiyo digrii inazaa lini?" hapana kabisa. Zikabaki nane, za watu wa heshima, zenye kivuli na maji ya kunywa.

"Jana mlienda nyumba ngapi?" Ayeyo aliuliza.

"Nane."

"Tisa," akasema Sabirin. "Na ile yenye watoto wengi."

Ramla akaweka kikombe chini. Baada ya nyumba ya saba alikuwa amesimama kando ya ukuta kusoma ujumbe. We regret to inform you. Siku ya Idd, wallahi. HR gani huyo haendi hata kuswali? Aliusoma mara tatu. Dakika mbili, labda tano.

"Watoto wa nani hao, mama?" bibi akamwuliza mtoto.

"Sijui. Wakienda nyumba, mtoto wa hapo anatoka anawafuata. Halafu wanaenda nyumba nyingine."

Hapo hapakuwa na ajabu. Ndivyo mzunguko ulivyo: mnaanza watatu, kufika adhuhuri mko thelathini. Lakini uso wa bibi ulikuwa umepauka kama jivu.

"Ramadhani nzima mashetani wamefungwa minyororo," akanong'ona. "Idd wanafunguliwa. Wewe unafikiri wale hawana watoto wapendao sukari?"

Baada ya alasiri lango likabishwa. Si pale watu wanapobisha. Chini, usawa wa goti.

Ikaja harufu, harufu ya ngozi ya mbuzi iliyolowa, katika Garissa ambayo haikuwa imeona tone la mvua kwa miezi. Kisha sauti, nyingi, nyembamba, zikisema pamoja kama darasa:

"Idd mubarak. Tumemfuata Sabirin."

Sabirin alikuwa ameshavaa viatu. Bibi akamdaka kwa gauni.

"Niache, ayeyo. Ni zamu yangu kuwafuata."

Ramla akampigia Macalin Kerrow, mwalimu wa duksi, madrasa iliyo nyuma ya nyumba. Mzee aliruka ua kwa umri wake wote, akatia mvuje kwenye makaa, akasoma mpaka jasho likamtoka. Kubisha kukanyamaza. Kisha kukaanza tena, taratibu, kama mtu aliyengoja msomaji avute pumzi.

"Wafukuze, Macalin," Ramla akanong'ona.

"Mgeni uliyemkaribisha hafukuzwi. Nani amewakaribisha?"

Wote wakamtazama Sabirin.

"Si mimi. Ni eddo." Eddo, yaani shangazi. "Mama yao alimwambia, 'Na sisi kesho tutakuja kwenu.' Eddo akasema, 'Karibuni, karibuni.' Alikuwa anaangalia simu."

Ramla akaitazama simu yake. Aliikumbuka sauti. Uso hakuuona, kwa kuwa hakuinua kichwa.

"Basi mwenyeji ni wewe," Macalin akamwambia Ramla, akamweka Sabirin katikati ya magoti yake. "Nenda uwaage. Wasindikize hatua saba, kama wageni wote wanavyosindikizwa. Watakushika mikono. Usitazame chini mpaka urudi ufunge lango. Hatua ya saba, achia, geuka."

"Na mtoto?"

"Mimi niko naye."

Ramla akatoka. Akasema, "Ahsanteni kwa kuja, ziara imekwisha," na papo hapo vidole vidogo vikaingia katika viganja vyake, mkono wa kulia vya baridi na vikavu kama kuni, na akatembea ameyakaza macho kwenye nyaya za umeme, moja, mbili, tatu, huku nyuma yake kukisikika nyayo zisizo na idadi zikikokota mchanga, nne, tano, na harufu ile ikizidi, sita, na alipofika ya saba akafungua mikono, wa kulia ukamtoka, lakini wa kushoto ukang'ang'ania, na ndipo alipogundua kwamba huu wa kushoto ulikuwa wa moto, unanata peremende, unatetemeka, na sauti ya Sabirin, ile ile ya usiku wa radi, ikasema chini chini, "Eddo, usiniache hapa," naye akawaza kwamba Macalin ni mzee, mzee hana mshiko, mtoto amechomoka akamfuata, na Saynab ataambiwa nini, akaukamata mkono ule kwa nguvu zake zote, akageuka, akaukimbiza hadi ndani, akasukuma lango kwa bega na kutia komeo.

Nje kukawa kimya. Harufu ikakatika.

"Alhamdulillahi," akasema, akainua macho.

Barazani Macalin Kerrow alikuwa bado anasoma, amefumba macho, mikono yote miwili imemzunguka Sabirin. Sabirin alikuwa anatazama mkono wa kushoto wa shangazi yake. Akatabasamu, akasogea kidogo mkekani, kupisha nafasi.