Daktari wa Nusu Dakika

Mama Pindo alikuwa fundi cherehani. Jina hilo alipewa na majirani, kwa sababu hakuna mtu mtaani aliyekunja pindo la gauni likanyooka kama lake. Alishonea kibarazani. Ndani ya nyumba waliishi mumewe, ambaye alikuwa fundi rangi, binti yao wa shule, na mama mkwe wake. Huyo mama mkwe kila mtu alimwita Bibi.

Zamani nyumba hii ilikuwa na redio moja. Jioni wote waliizunguka. Mzaha ukisemwa, walicheka pamoja. Asiyeelewa aliuliza, akaelezwa, naye akacheka kwa kuchelewa. Siku hizi kila mtu ana simu yake. Hata Bibi alinunuliwa ya kwake na mwanawe. Basi utasikia mmoja anacheka chumbani, mwingine anaguna jikoni, na hakuna anayejua mwenzake anatazama nini.

Tusiilaumu simu bure. Ilimletea Mama Pindo wateja. Kila asubuhi alipiga picha nguo aliyoimaliza, akaiweka kwenye stetasi. Huo ni ukurasa wa simu ambao watu wenye namba yako huuona kwa siku moja, kisha unatoweka. Lakini picha za magauni peke yake hazikuvuta watu. Akagundua kwamba akitanguliza kichekesho, watazamaji wanaongezeka. Tangu hapo, hakuna gauni lililotoka bila kichekesho.

Vichekesho alivitoa mtandaoni. Vingine vilikuwa virefu, na simu yake haikupokea video ndefu kwenye stetasi. Mama Pindo hakubabaika. Mtu aliyezoea mkasi haogopi kukata. Alibakiza kipande kilichoenea, kilichozidi akakitupa.

Asubuhi moja alipata video ya mchekeshaji aliyevaa koti jeupe la daktari. Mtu huyo alikunja uso akasema, "Nyinyi wenye presha, tupeni vidonge. Vinawala figo. Kunyweni maji baridi kabla ya jua kuchomoza, mtapona." Mwishoni mke wake alitokea nyuma, akamvua koti. "Rudisha koti la watu," akamwambia, "uje uoshe vyombo." Mama Pindo alicheka mpaka sindano ikamdondoka.

Simu ilimpa nafasi ya nusu dakika tu. Akachukua mwanzo. Mke na vyombo vyake wakabaki nje. Kwa Mama Pindo kipande kile bado kilichekesha, kwa sababu alijua mke yuko njiani. Watu wengine wangejuaje? Hilo halikumpitia kichwani.

Akakiweka kwenye stetasi. Akakituma pia kwenye kundi la kina mama wa mtaa. Muuza mkaa akajibu, "Asante kwa elimu, dada." Mama Pindo akadhani mwenzake anatania. Akaendelea kushona.

Siku chache baadaye Bibi alianza kulalamikia kichwa. Mara aseme jua kali, mara aseme amelala vibaya. Mama Pindo alimwuliza kama ametumia dawa zake za presha, Bibi akajibu kwamba yeye si mtoto. Mkwe mwenye adabu akisikia jibu la namna hiyo hunyamaza. Mama Pindo akanyamaza, lakini moyo haukutulia. Mguu wake ulikanyaga cherehani huku macho yakichungulia mlangoni.

Siku iliyofuata, karibu na saa sita mchana, kikombe kilianguka ndani. Mama Pindo alikimbia. Alimkuta Bibi ameshika ukuta. Bibi alisema anaona ukungu, na kichwa kinagonga. Alimkalisha kitandani, kisha akatoka mbio kumwita jirani yao wa ukuta mmoja. Jirani huyo alikuwa muuguzi wa kituo cha afya, na wote walimwita Sista. Bahati nzuri siku hiyo alikuwa na zamu ya jioni, hivyo alikuwepo nyumbani.

Sista alikuja na kipimo cha presha. Alikifunga mkononi mwa Bibi, akapima, akapima tena. Hakusema namba. Alimwomba Mama Pindo amletee dawa za Bibi. Pakiti ilikuwa chini ya mto, na vidonge vilikuwa vimejaa.

"Bibi, hivi umeviacha tangu lini?" Sista aliuliza.

"Tangu daktari aliposema."

"Daktari gani?"

Bibi alipapasa simu yake. Stetasi ilikuwa imeshatoweka siku kadhaa zilizopita, lakini binti wa nyumba alikuwa amemfundisha bibi yake kuhifadhi video. Akabonyeza. Chumbani ikasikika sauti ya mtu wa koti jeupe. Tupeni vidonge. Kisha kimya. Mke hakutokea.

Mama Pindo aliijua kazi ya mkono wake. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Sista hakuwa na muda wa kulaumu mtu. Alisema presha imepanda mno, na hali ya macho haimpendezi. Lazima waende kituoni sasa hivi. Waliita gari. Mume alipigiwa simu, akafika kituoni na rangi mikononi, akiuliza kila mtu aliyevaa nguo nyeupe kama mama yake yuko hai.

Bibi alipokelewa haraka, na mlango ukafungwa. Hapo ndipo kazi ngumu ya kungoja ilianza. Mume alisimama, akakaa, akasimama. Mama Pindo aliketi kwenye benchi akiwa bado na tepu ya kupimia shingoni. Alimweleza mumewe yote. Mume hakugomba. Alitazama sakafu tu, na mke wake aliona afadhali angegomba. Kisha Mama Pindo akatoa simu, akaanza kutafuta ile video kwenye kundi ili aifute. Sista aliyekuwa pembeni akamzuia mkono.

"Ukiifuta, utakuwa umejificha wewe," alisema. "Walioiona bado wanaiamini. Na waliyoihifadhi, huwezi kuifikia."

"Sasa nifanye nini, Sista?"

"Rudi palepale uliposema uongo, useme kweli. Kwa watu walewale. Tena sema kwa sauti yako, wakusikie kwamba ni wewe."

Akamweleza kwamba dawa ya presha hainywewi kwa kufuata mtu anavyojisikia. Mtu anaweza kujiona mzima kwa sababu dawa inafanya kazi. Akiiacha ghafla, presha inaweza kupanda na kumwangusha. Tena presha yenyewe ikiachwa ndiyo inayoharibu figo, na macho, na ubongo. Mwenye wasiwasi na dawa yake amwulize aliyemwandikia, si mtu wa kwenye simu.

"Na video yoyote," Sista akaendelea, "itazame mpaka mwisho kabla hujaituma. Jiulize, huyu ni nani, na kazi yake ni ipi? Kama hujui, usiitume. Ikigusa dawa, niko ng'ambo ya ukuta. Gonga."

Mama Pindo akakumbuka. Asante kwa elimu, dada. Mume wa muuza mkaa alikuwa na presha, mtaa mzima ulijua. Akampigia muuza mkaa. Simu ikaita, haikupokelewa. Akapiga tena. Haikupokelewa.

Hakungoja mara ya tatu. Alimwachia mumewe benchi, akaenda kwa miguu mpaka kwenye banda la mkaa, nusu anatembea, nusu anakimbia. Muuza mkaa alikuwepo, mikono myeusi, simu ameiweka mbali isichafuke. Mama Pindo alimweleza huku akihema. Muuza mkaa akaweka chini kopo la kupimia mkaa. Mumewe alikuwa ameacha dawa, ndiyo. Bado alikuwa mzima, lakini tangu jana alikuwa akilalamikia shingo. Walifunga banda wakaenda kumchukua.

"Mimi nilimtumia na dada yangu," muuza mkaa alisema njiani. "Na dada yangu ana makundi manne."

Mama Pindo alisimama barabarani palepale. Akawasha kinasa sauti cha simu.

"Ni mimi, Mama Pindo," alisema. "Ile video ya daktari niliyowatumia ni kichekesho. Yule si daktari. Mwishoni mkewe anamvua koti, lakini mimi nilikata mwisho. Mama mkwe wangu aliacha dawa kwa sababu yangu, sasa yuko kituo cha afya. Kama umeacha dawa, nenda kituoni leo, usingoje. Kama ulimtumia mtu ile video, mtumie na sauti hii. Nimekosa. Nisameheni."

Akaituma kwenye kundi, akaiweka na kwenye stetasi. Safari hii alisikiliza kwanza kuhakikisha imeingia yote.

Mume wa muuza mkaa alipimwa, akaonywa, akarudishwa kwenye dawa zake siku hiyohiyo. Jioni simu ya Mama Pindo haikupumzika. Wengine walimtukana. Mteja mmoja alisema atatafuta fundi mwingine. Lakini namba asiyoijua iliandika, "Baba yangu aliacha. Nimemsikilizisha. Kesho nampeleka kupimwa." Mama Pindo aliisoma akalia waziwazi, bila kujali nani anamwona.

Bibi alilala kituoni, na kesho yake presha ilishuka akaruhusiwa. Mama Pindo alimsaidia kuvaa viatu. Swali lilikuwa limemkera usiku kucha.

"Mama, ulimwaminije mtu usiyemjua?"

"Yule simjui," Bibi alijibu. "Sikumwamini yeye. Video ilitoka kwako."

Mama Pindo akainama, akamvisha kiatu cha pili.

Siku hizi video anazichagua kwa makini. Isiyoenea yote kwenye stetasi, haiweki. Watu wa kundi nao wana desturi mpya. Kabla ya kusambaza jambo la afya, wanauliza kwanza, na Sista ameingizwa kundini ili awajibu. Jioni, nyumbani kwao, mwenye kichekesho huja nacho sebuleni, kikatazamwa na wote mpaka mwisho.

Lakini asubuhi ile ya kwanza baada ya kutoka kituoni haikuwa rahisi. Mama Pindo alimletea Bibi kidonge na maji. Bibi alikitazama kidonge kiganjani mwa mkwewe. Hakukichukua. Bado aliziogopea figo zake.

"Hiyo sauti uliyowatumia watu," alisema, "mimi sijaisikia."

Mama Pindo aliketi kando yake, akaifungua. Bibi aliinamisha kichwa akasikiliza. Ilipofika mahali mkewe anamvua koti, alitabasamu kidogo. Ilipofika nimekosa, tabasamu likaondoka. Mkwewe alidhani amesikia ya kutosha, akanyoosha kidole aizime.

"Iache," Bibi alisema. "Iishe."

Ikaisha. Bibi akachukua kidonge, akaomba maji.