Waya wa Meza ya Dirishani

Kaunta ya kiwanda cha uchapaji ilijaa watu hadi mlangoni. Huyu anadai kadi za harusi, yule mabango yake. Nyuma ya kaunta wasanifu wa kurasa waligombania mtandao mmoja uliochoka.

"Natuma!" alipaza sauti mmoja, na wenzake wote wakaondoa mikono kwenye kibodi, maana wawili wakituma kwa pamoja, kazi zote hukwama.

Kijana mwenye bunda la waya begani alijipenyeza katikati ya watu, akajikwaa kwenye mkoba wa msichana aliyevaa gauni la kijani, mwenye doa la wino shavuni.

"Kaka, hayo ni macho au vifungo vya koti?"

"Samahani, dada. Nilikuwa natazama juu, napima njia ya nyaya."

"Basi tazama na chini. Chini kuna mali za watu."

Watu wakacheka. Tangu hapo msichana alimwita kijana Nyaya, naye kijana akamwita Wino.

Wino alikuwa msanifu hapo kiwandani, bado katika kipindi cha majaribio. Alilala sebuleni kwa shangazi yake, akikunja godoro kila alfajiri kabla nyumba haijaamka. Akipata mkataba wa kudumu, angepanga chumba chake mwenyewe. Hicho ndicho alichokuwa akikiomba kila siku.

Nyaya aliletwa kuufumua mtandao na kuusuka upya.

"Hiki kisanduku chenu cha zamani ni kama gulio," alimweleza Wino, akiwa amepiga magoti chini ya meza yake ya dirishani. "Mmoja akisema, sauti inakwenda kwa wote. Wawili wakisema pamoja, hasikiki hata mmoja, inabidi waanze upya. Swichi, kisanduku kipya nitakachofunga, inamjua kila mtu. Kazi yako itakwenda moja kwa moja kwenye mashine ya kuchapa, na ya jirani yako itapita njia yake. Tena kasi yake ni mara mia ya hii."

"Na wewe ukimaliza, utakimbia kwa kasi hiyohiyo?"

Nyaya alijifanya anakaza waya. Kwa mara ya kwanza hakutaka kazi iishe.

Siku ya kuwasha, kelele za "Natuma!" zilikufa. Kurasa nzito zenye picha zilifika kwenye mashine kabla mtu hajapiga miayo, na wasanifu wakapiga makofi. Meza moja tu iliendelea kusuasua. Kwenye mipangilio ya swichi, Nyaya aliuacha waya wa dirishani katika kasi ya zamani. Siku chache tu, alijiambia. Anipigie, nije, nimwambie lililo moyoni.

Simu ikalia kweli.

"Haloo, Nyaya! Wenzangu wanaruka, mimi natambaa kama kobe mwenye mimba."

"Nakuja, mpenzi. Aah, samahani, mteja."

"Umesemaje?"

"Nimesema mteja."

"Masikio yangu mazima, baba. Njoo ulirudie neno lako hapa."

Alikwenda, akalirudia, na jioni walitembea chini ya mwavuli mmoja hadi viatu vikalowa. Nyaya alielea kwa furaha. Wino hakupiga tena simu za malalamiko. Aliona haya wenzake wasije wakasema anamwita mchumba kwa visingizio. Na simu hizo zilipokoma, Nyaya aliusahau kabisa ule waya.

Bosi, mama mpole asiyependa maneno mengi, alimwita Wino ofisini.

"Mwanangu, zamani mtandao ulikuwa kisingizio cha wote. Sasa wenzako wanamaliza mchana, wewe jioni bado. Nimevumilia. Siwezi kukuajiri."

Wino alimpigia Nyaya huku akilia. "Labda kweli mimi ni mzito. Nilikuwa nafika wa kwanza, mpenzi. Nilikuwa nakula mezani. Nimekosea wapi?"

Nyaya akaukumbuka ule waya. Alisema "pole" tu.

Angeweza kunyamaza, maana hakuna aliyejua. Lakini asubuhi alikwenda kwa bosi akasema yote.

"Kiti kimeshapata mtu, mwanangu," bosi alimjibu. "Siwezi kumfukuza wa leo kwa kosa lako la jana. Na swichi yangu usiiguse tena."

Akaenda kwa Wino, shati limepigwa pasi, macho mekundu. Alimweleza pale mlangoni, bila kujitetea. Wino alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo jana nilipokuwa nalia, ulijua?"

"Nilijua."

"Ungeniambia tu unanipenda, Nyaya. Ulidhani ningekataa?"

"Niliogopa. Nisamehe. Tuoane, Wino. Chumba nitapanga mimi."

"Nilitaka changu." Alitabasamu, na tabasamu lile lilimuuma Nyaya kuliko tusi. "Kukusamehe nitakusamehe, tena upesi, nakujua na najijua. Ndiyo maana naogopa. Tutaoana, halafu kila kitakachochelewa maishani mwangu, nitageuka nikutazame wewe."

"Sitarudia, naapa."

"Najua hutarudia. Lakini mimi nitageuka tu."

Wino alimnyooshea kola iliyokunjika, taratibu, kama mke anayemuaga mumewe kwenda kazini, kisha akaingia ndani.