Nyumba ya Nyoka Aliyeungua

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, binti mmoja alifagia vipande vya vitambaa chini ya cherehani ya shangazi aliyemlea, kisha akabadilisha maji katika kibakuli cha nyoka. Hakuna aliyehitaji kumkumbusha.

Nyoka alikuwa wa binamu yake, mwana wa pekee wa shangazi, mwanafunzi wa sekondari ambaye nyumbani aliitwa Injinia kwa sababu hakuna kilichoharibika ambacho hakukifungua. Mwalimu wa sayansi ndiye aliyemkabidhi amtunze: nyoka mdogo wa kahawia, asiye na sumu. Walimwita Mkanda. Shangazi alizoea kuwaambia wateja kwamba mikanda dukani mwake ni mingi, ila huo ndio pekee unaokula panya.

Nyumba ya Mkanda ilikuwa kabati kuukuu la vyombo lililolazwa chini. Injinia aliondoa milango, akaweka kioo cha kuteleza, akatoboa matundu ya hewa karibu na dari, na sakafuni akatandika bati. Chini ya bati aliweka balbu kubwa ya joto, kwa maana nyoka hana joto lake mwenyewe. Hulitafuta nje ya mwili. Balbu iliongozwa na kifaa alichokitoa katika mashine mbovu ya kuangulia vifaranga: joto likizidi, balbu hujizima, likipungua, hujiwasha. Kiwango cha joto kilipangwa kwa swichi ya kuzungusha. Kipimo cha kifaa hicho alikipachika juu, kando ya matundu, mahali alipoweza kukisoma bila kuinama.

"Mtu asiguse swichi hii," aliagiza.

Binti hakuigusa. Kama walivyo watoto wengi wanaolelewa na ndugu, alikuwa mwangalifu na vitu vya nyumba ile kuliko wenyewe.

Kisha baridi ikaingia. Asubuhi moja alimkuta Mkanda amejibana kwenye fremu ya kioo, nusu ya mwili ikining'inia, kana kwamba sakafu imemfukuza. Magamba ya tumboni yalikuwa yamebabuka. Alimtoa taratibu, akamlaza juu ya kitambaa kibichi, akaita.

Injinia alilitazama tumbo la nyoka, kisha akamtazama binti.

"Umezungusha swichi."

"Sijaigusa, kaka."

"Nani basi? Mama anashinda kwenye cherehani, mimi niko shule. Anayeingiza mkono humu kila siku ni wewe."

"Naingiza mkono kwenye maji."

"Kipimo changu kinasoma sawasawa. Tazama mwenyewe. Au ni nyoka aliyejizungushia?"

Daktari wa mifugo alikisafisha kidonda, akapaka dawa, akaagiza Mkanda akae kwenye ndoo yenye vitambaa laini mpaka magamba mapya yaote. "Akiungua tena pale pale," alisema, "msiniletee. Sitakuwa na la kumfanyia."

Usiku huo, wakila, shangazi alisukuma sahani kando. "Mwanangu, mwombe kaka yako msamaha yaishe. Neno moja tu. Nimechoka kula na watu walionuna."

"Sikugusa, shangazi."

"Sijasema uligusa. Nimesema omba msamaha."

Kusingiziwa na binamu, binti aliweza kukuvumilia; kuombwa auvae uongo kama nguo ya kushonewa, tena na mtu anayempenda, kulimshinda.

"Nikiomba msamaha, nitakuwa nimekiri. Na nikikiri, kaka atamrudisha Mkanda mle mle, maana mkosaji ameshapatikana. Ataungua tena."

Injinia akacheka. "Leo na wewe ni fundi umeme? Fagia, dada. Nyaya niachie mimi."

Kuanzia hapo alikatazwa kumkaribia nyoka. Injinia aliizungushia swichi utepe mweusi, mzunguko juu ya mzunguko, akatangaza kwamba sasa hakuna kidole kitakachoipata. Mteja mmoja aliyekuja kupimwa gauni alisikia habari, akatikisa kichwa: "Watoto wa kulea wana shingo ngumu, mama. Utachoka." Shangazi aliendelea kupima mabega, asijibu kitu. Binti, akiokota pini sakafuni, aliusikia ukimya ule kuliko maneno yenyewe. Hata hivyo hakuomba msamaha, wala hakuacha kazi yake nyingine hata moja.

Magamba yalipoota, Injinia aliwasha balbu tangu asubuhi. Jioni akaja na ndoo. Binti akasimama mbele ya kioo.

"Pisha."

"Sipishi. Shangazi, njoo utie mkono humu kwanza."

"Mama, ona dharau hii."

"Kama hapaufai mkono wako, shangazi, Mkanda atalalaje?"

Shangazi alitoka kwenye cherehani, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni. Alipandisha mkono wa gauni, akaweka kiganja juu ya bati. Mkono ule ulikuwa umezoea pasi ya moto, lakini aliuondoa upesi, akaufikicha.

"Kipimo kinasemaje?"

Injinia alichungulia. "Kiko sawa," alisema, kwa sauti ndogo kuliko kawaida yake.

"Na utepe wako?"

"Haujaguswa."

"Basi nani amezungusha swichi leo?"

Injinia alinyoosha kidole hadi kwenye kipimo, akauhisi upepo wa baridi ukipenya matunduni, na uso ukamshuka. Juu kule kipimo kilikuwa kikipigwa na baridi, kikiiagiza balbu iendelee kuwaka. Huku chini, bati lilikuwa limegeuka kikaango.

"Nilikiweka panaponifaa mimi," alisema hatimaye. "Mkanda hakai huku juu." Akamgeukia binti. "Dada, nimekusingizia. Nisamehe."

"Ulinisingizia mbele ya watu," binti alijibu. "Nisafishe mbele ya watu."

Injinia alikishusha kipimo hadi sakafuni, akafunika bati kwa ubao, akaisogeza balbu upande mmoja ili nyoka apate pa kukimbilia penye ubaridi. Shangazi hakuruhusu Mkanda arudishwe mpaka kila mmoja wao alipoweka kiganja pale na kukiacha bila kukiondoa.

Mteja wa gauni alipokuja kuchukua nguo yake, Injinia mwenyewe alimweleza kosa lilikuwa la nani. Alieleza akitazama viatu vyake, lakini alieleza lote. Ndipo shangazi aliposimamisha cherehani.

"Na mimi nina langu," alisema. "Nilimtaka huyu aseme uongo ili nyumba itulie, na aliposemwa vibaya nikanyamaza. Sikieni nyote wawili. Kuomba msamaha ni kazi ya aliyekosa. Asiye na kosa akilazimishwa kuuomba, kosa lenyewe hubaki palepale lilipo, likaunguza tena. Huyu alikataa kwa adabu, akasimama hapo hapo, na kwa sababu hiyo nyoka yu hai."

Kisha akampa binti gauni la mteja alikunje, na mteja akalipokea kutoka kwake kwa mikono miwili.