Nilificha Nikotini Kwenye Chupa ya Maji ya Baraka

Nina miaka arobaini na moja. Mkono wangu wa kushoto haunyooki na jicho la upande huohuo linaona ukungu. Watu wasionijua vizuri husema niliangukiwa na mawe duarani, ndani ya shimo la dhahabu. Wanakosea. Nilipigwa na ndugu zangu wa tumbo moja, mchana kweupe, kwenye msiba wa mama yetu... na nilistahili.

Wasomaji wenzangu, msinionee huruma kabla hamjanisikia mpaka mwisho. Mkishanisikia, fanyeni mtakavyo.

Kwetu ni Ushirombo, familia ya wakulima, Wakatoliki wa kusali rozari kila siku. Rwamgasa nilikwenda kutafuta dhahabu nikiwa bado kijana. Nilishuka maduara, nikasaga mawe kwenye karasha miaka saba, mpaka kifua kikaanza kunisumbua. Wakati huo nilikuwa nimeshamwoa Sesilia na tumepata binti yetu, Pendo. Baba alipofariki nikamchukua na mama akaja kuishi nasi. Nyumba ilikuwa na amani jamani. Mama na Sesilia walipendana kama mtu na bintiye.

Nikaachana na mawe nikafungua kiduka chumba cha mbele, nikauza vepu, hizi sigara za umeme zenye moshi wa kunukia. Mchimbaji akishika dhahabu hataki tena kuvuta sigara ya kawaida kama babu yake! Maji yake nilichanganya mwenyewe: glisarini, ladha za maembe na minti, na nikotini kali ambayo ndiyo roho ya biashara.

Mzee aliyeniuzia nikotini ile Mwanza alinishika mkono kabisa, akanikalisha. Akasema niiweke gizani, mahali pa baridi, kifuniko kimekazwa, chini ya kufuli. Niandike siku niliyofungua. Nisiihamishie kwenye chupa nyingine yoyote. Ikigeuka rangi nisiiuze, maana imechakaa. Akaniambia hata ikimwagika mkononi inapenya ngozi, na mtu akiimeza ni kifo. Nami nikawa naitikia ndiyo mzee, ndiyo mzee, huku natazama saa nisiachwe na basi.

Nilifanya nini nilipofika? Nilipanga chupa zote dirishani! Mfanyabiashara anataka bidhaa ionekane. Jua la Rwamgasa likazipiga kutoka asubuhi hadi jioni, na bati juu yake likawa linachemka. Baada ya miezi michache maji yaliyokuwa meupe yakawa ya njano, halafu yakawa kahawia kama chai ya rangi. Harufu ya maembe ikapotea. Wateja wakaanza kulalamika kwamba wakivuta koo linawaka.

Mtu mwenye akili angekumbuka maneno ya yule mzee. Mimi nikakumbuka kwamba funguo za duka tulikuwa nazo watu wawili tu, mimi na mke wangu.

Nikaenda kwa mganga mmoja njia ya Maganzo. Hata hakuuliza chupa nimeziweka wapi. Alitikisa kibuyu chake akasema kuna mkono wa ndani ya nyumba unaochafua riziki yangu. Mkono wa ndani! Mama yangu mzazi hawezi... basi nikajua ni nani. Kumbe ulikuwa mkono wangu mwenyewe uliopanga chupa dirishani.

Kutoka siku hiyo nikambadilikia Sesilia. Nilimwita mchawi mbele ya majirani. Akiniandalia chakula nasukuma sahani. Kofi la kwanza nilimpiga akiwa anafagia duka, kwa kosa la kugusa chupa alizokuwa akizifuta vumbi. La pili sikumbuki hata sababu yake. Mama alinikanya, akanikanya tena, nikamjibu kwamba haya ni mambo ya mume na mke.

Nikotini yangu mpya nikaona niifiche asiifikie. Hapo ndipo ilipoingia akili ya migodini. Huku kwetu hakuna kitu kinachokaa kwenye chombo chake. Zebaki utaikuta kwenye kichupa cha dawa ya macho, petroli kwenye chupa ya maji ya kunywa, na mtu akificha punje zake za dhahabu usishangae kuzikuta ndani ya kopo la mafuta ya kujipaka. Ndivyo tulivyozoea, na tunajiona wajanja.

Mama alikuwa na meza ya sala chumbani kwake, na juu yake vichupa viwili vya plastiki vya maji ya baraka. Kimoja kilikuwa kimekwisha. Nikakijaza nikotini, nyeupe pee kama maji, nikakirudisha nyuma ya sanamu ya Bikira Maria. Nilijiambia nitamtaarifu mama jioni. Jioni nikasahau. Kesho yake nikasahau tena, na hasira yangu kwa Sesilia ikawa imejaa kichwani hakuna nafasi ya kingine.

Jumamosi moja asubuhi, Pendo yuko kwa jirani, mponda mawe mmoja akaja dukani. Alikuwa akitapika tangu jana yake kwa maji yangu ya kahawia. Hakunisalimia. Alinizaba kofi mbele ya wateja, akanimwagia kichupa chake usoni, akasema mimi nauza sumu. Watu wakacheka.

Nilishindwa kumrudishia yule, maana alikuwa na kifua kama mlango. Nikaingia ndani kumtafuta wa saizi yangu. Ndiyo, andikeni hivyo hivyo, mwanamume mzima nilimtafuta wa saizi yangu.

Nilichukua kipande cha mkanda wa karasha, ule mpira mnene unaozungusha mashine, nikampiga nao Sesilia. Nilimpiga mgongoni, mikononi alipojikinga, na alipoanguka nikampiga miguuni. Damu ikaruka mpaka kwenye ndoo ya maji. Alikuwa anasema jina la Pendo, hasemi kingine. Mama akaja mbio akajitupa katikati, na mkanda ukamshukia na yeye begani. Ndipo nikaacha. Mama aliniangalia, akamwinua mkamwana wake akaingia naye chumbani akafunga mlango.

Yaliyotokea mle ndani nayasimulia kama Sesilia alivyoyaeleza mahakamani.

Mama alimfuta damu kwa kanga yake. Kisha akachukua kichupa mezani, kile cha nyuma ya sanamu, akataka kumnywesha maji ya baraka na kumpaka kwenye vidonda, kama mama zetu wanavyofanya siku zote. Sesilia akakataa. Alisema, "Mama, nisamehe. Kwenye nyumba hii nimeitwa mchawi mpaka watoto wa jirani wanajua. Sinywi wala sipaki kitu cha humu."

Sasa kwetu, ukimpa mtu kinywaji akakishuku, huna haja ya kubishana naye. Unaonja wewe kwanza mbele ya macho yake, unautoa uchawi. Mama alisema, "Haya ng'wanone, mwanangu, nakuonjea." Akapiga funda moja kubwa, kwa haraka, ili Sesilia apate imani.

Akashika koo. Alisema maneno mawili tu: "Yanachoma. Usinywe." Akampokonya kichupa Sesilia aliyekuwa ameshakishika, akakiangusha chini.

Niliposikia Sesilia anapiga yowe nikavunja mlango. Mama alikuwa amepiga magoti, anatapika, mate yanamtoka, jasho limemlowesha, mikono inatetemeka. Pale chini nikakiona kichupa. Nilijua papo hapo!

Mtu mwingine angepiga kelele akasema ni nikotini. Mimi niliinama nikakiokota, nikatoka nyuma nikakitumbukiza chooni. Mama yangu anakata roho, mimi nafuta ushahidi. Sesilia aliniona mlangoni na kile kichupa mkononi.

Tulimpakia kwenye bajaji mpaka kituo cha afya. Njiani mwili wa mama ulikuwa unakakamaa na kuachia, unakakamaa na kuachia. Daktari akaniuliza, "Amekunywa nini?" Nikasema sijui. Akaniuliza tena, nikasema labda ni presha. Mara ya tatu aliacha kila kitu akanikazia macho, akasema niseme chochote ninachokijua ili apate pa kuanzia. Nikamnyooshea kidole Sesilia, na damu yake bado mbichi mgongoni, nikasema, "Muulize huyu. Ndiye aliyekuwa naye chumbani."

Sesilia akamweleza ni maji kutoka kwenye kichupa cha baraka, kwamba yalimchoma koo, na kwamba ndani yake palikuwa na nini yeye hajui. Daktari akahangaika na asichokijua. Kabla ya saa saba mchana mama alikuwa ameshafariki.

Tulimsafirisha kwenda kuzikwa Ushirombo, na neno nililolisema kituoni likatangulia mbele ya jeneza. Mke wa Baba Pendo kamlisha mama sumu. Mimi sikulikanusha. Kaka yangu mkubwa, Masanja, alinikumbatia akaniambia nijikaze, nami nikalia begani kwake. Machozi yalikuwa ya kweli, nisiseme uongo. Lakini mdomo niliufunga siku mbili nzima.

Baada ya udongo kufunikwa, ndugu zangu walimtoa Sesilia katikati ya wanawake. Walimburuta kwa nywele mpaka pembeni ya zizi. Fimbo za ng'ombe zikaanza kumshukia juu ya vidonda nilivyompa mimi. Wengine walimrushia mawe. Mtu mmoja alishalifuata panga, na Masanja akalipokea.

Mimi nilikuwa nimesimama hatua kumi. Nimesimama tu! Wasomaji wenzangu, mnajua kuna woga unaoweza kumfanya mtu amtazame mama wa mtoto wake akichinjwa?

Sesilia hakuomba msamaha wala kupiga kelele. Aliinua uso, damu imemziba jicho, akanitafuta mpaka akaniona. "Baba Pendo," akasema, "wewe ndiye uliyekichukua kile kichupa. Sema."

Sijui kama ni maneno yake, au ni Pendo aliyekuwa anamlilia mama yake kutoka mikononi mwa shangazi. Miguu ilinitangulia. Nikajitupa juu ya Sesilia nikasema ni mimi, ni nikotini yangu, mimi ndiye niliyeiweka kwenye kichupa cha mama na mimi ndiye niliyekitupa chooni. Nilirudia mara nyingi maana mwanzoni hawakunielewa.

Walipoelewa, yaliyonipata mmeshaona matokeo yake. Masanja alinivunja mkono kwa bapa la panga, huku analia kama mtoto. Jicho sijui ni fimbo ya nani. Aliyewazuia wasinimalize ni paroko aliyekuwa bado hajaondoka. Polisi walinikuta ninapumua kwa shida.

Nilifungwa miaka minne. Sesilia alisimama mahakamani akasema kila kitu, mabaya yangu na hata hilo la kujitupa juu yake. Hakuongeza hata neno moja, na hilo ndilo lililoniumiza kuliko kama angenisingizia.

Nilipotoka nilimfuata Nyahanga, Kahama, anakouza mchele. Alinipa kigoda nikakaa. Pendo akaja akaniamkia shikamoo, kwa adabu kabisa, kama anavyomwamkia mteja, akarudi ndani. Sesilia akaniambia amenisamehe, ila harudi. "Kusamehe na kurudi ni vitu viwili, Baba Pendo. Usivichanganye."

Ndugu yangu unayeuza au kuchanganya vitu hivi, nakusihi. Viache kwenye chupa zake, zenye maandishi yake. Funga kwa kufuli, gizani, mbali na jua, mbali na chakula na meza ya sala. Vikigeuka rangi, ni jua na muda, si mkeo! Tena sumu usiihifadhi kwenye chupa ambayo mtu mwingine ameizoea kwa kunywa, hata kama ni kwa dakika tano.

Na mkono wako uzuie. Ningeuzuia wangu asubuhi ile, mama asingekuwa na mtu wa kumpa dawa.

Lakini haya yote yakikushinda, ukafika pale kituoni na mgonjwa wako, daktari akakuuliza amekunywa nini, mjibu mara ya kwanza. Mimi niliulizwa mara tatu, na mama alikuwa bado hai.