Uliza Tena

Ukumbi ulikuwa umejaa pomoni. Ilikuwa siku ya mafunzo ya wahudumu wa watu wenye ulemavu: wataalamu wa tiba ya viungo, walimu wa wasioona na wakalimani wa lugha ya alama walikuwa wakisukumana mbele ya meza ya kujiandikisha, kila mmoja akitaka beji yake kwanza, utadhani beji zitaisha. Katikati ya kelele hizo, fundi mmoja wa viti vya magurudumu alisikia kitu ambacho masikio yake hayawezi kukivumilia hata siku ya sikukuu: gurudumu linalia.

Hakuuliza. Aliinama, akalishika, akachomoa spana mfukoni, akaanza kazi.

"Kaka," sauti ilisema juu ya kichwa chake, "unajua umenishika mguu?"

Fundi aliinua uso. Kitini alikaa mwanamke mwenye gauni la njano lililomkaa sawasawa, kilemba cha rangi hiyohiyo na macho yasiyo na haraka. Alikuwa mzuri kiasi kwamba fundi alisahau spana iko mkono gani.

"Nimeshika gurudumu tu, dada. Beringi yake imekauka, inataka grisi."

"Mimi natembea kwa hilo, kwa hiyo ni mguu wangu. Ungemkuta mwanamke amesimama hapa, kiatu chake kinalia, ungemshika kifundo cha mguu?"

"Aa, ningekula kofi."

"Basi shukuru nimekaa."

Foleni nzima ilicheka. Fundi alisimama, akajipangusa, akasema kwa adabu, "Samahani sana, dada. Naomba kuuliza: nikutengenezee?"

"Hapo sawa. Tengeneza."

Alikuja kumtambua baadaye jukwaani. Kumbe ndiye mwalimu mkuu wa mafunzo! Alimwita mbele mkuu wa kituo kimoja cha kulea walemavu, mtu wa tai na tumbo, akamfunga kitambaa machoni, kisha mtu mwingine akamtia ndizi mdomoni bila kumwambia neno. Mkuu alishtuka, akaitema, akafoka.

"Umefoka kwa sababu una haki ya kufoka," mwalimu alimwambia kwa upole. "Mnaowalisha vituoni kila siku nao wanayo. Uliza kwanza. Ukiambiwa hapana, iheshimu hiyo hapana. Na kuna bwana mmoja humu, simtaji, ana shati la buluu na grisi sikioni, amelijua hilo asubuhi hii."

Watu waligeuka kumtafuta mwenye grisi. Fundi alijifuta sikio, akaipaka na shavuni. Aliona aibu, ndiyo, lakini zaidi aliona fahari kwamba mtu kama yule yupo duniani na ameongea naye. Hapo ndipo alipompenda.

Mafunzo yalipoisha aliomba namba yake, akapewa, na simu zikafuata.

"Miguu yangu haijambo?" fundi alikuwa akiuliza.

"Haijambo, ila imekukumbuka, wewe mtu wa grisi."

"Na mwenye miguu?"

"Mwenye miguu ana maringo. Mbembeleze kwanza."

Alimbembeleza. Walikutana kwenye mgahawa wenye mlango mpana aliouchagua fundi baada ya kuukagua mwenyewe, na mwalimu, aliyezoea kuingilia mlango wa jikoni, alicheka hadi machozi alipoambiwa. Mapenzi yalinoga.

Kisha siku moja simu ilikuja na sauti nyingine.

"Mama amepata kiharusi. Upande wa kulia wote umepooza."

"Pole sana, mpenzi wangu. Nije?"

"Usijali. Tutaweza."

Fundi alitaka kukimbia hivyohivyo na aproni yake. Akakumbuka somo: ukiambiwa hapana, iheshimu. Akaketi karakanani, akaiheshimu. Alituma salamu za pole kila kukicha, lakini lile swali hakulirudia, na wiki zikapita.

Huko nyumbani mwalimu alikuwa akihangaika. Mama alihitaji kugeuzwa na kuogeshwa, na kumwinua mtu mzima ukiwa umekaa ni kazi ya kuvunja mgongo. Majirani walisaidia. Kila mlango ulipobishwa aligeuza kiti haraka, na kila mara hakuwa fundi. Akaanza kujibu salamu kwa neno moja, kisha akaacha kabisa.

"Mwanamume gani huyu?" alilalamika.

Mama alijikaza na nusu ya mdomo iliyomtii. "Ulimwambia aje?"

"Angejua mwenyewe, mama!"

Mganga hajigangi. Aliyefundisha kumbi nzima kwamba hakuna mtu anayesoma moyo wa mwenzake, sasa alitaka kusomwa.

Mafunzo mengine yalipofika, mwalimu alichelewa, akaingia kwa mlango wa nyuma. Jukwaani alikuwepo fundi, amekonda, tepu ya kupimia shingoni, akifundisha namna ya kupima mtu kiti. Alifundisha vizuri. Alipima mapaja, mgongo na unyayo, na kila alipogusa aliomba ruhusa.

"Kosa letu kubwa ni kupima mara moja," alisema. "Mwili hubadilika. Aliyekwambia jana kiti kiko sawa, leo kinamtia kidonda, na pengine anaona haya kusema. Kwa hiyo muulize tena."

Mkono ulinyooshwa nyuma. Fundi aliutambua mkono ule.

"Swali, fundi," mwalimu alisema. "Hilo ni la viti tu, au na la watu?"

Tepu ilimdondoka.

"Ni la watu pia," alisema taratibu. "Mimi nilimuuliza mtu mara moja, nikaona nimemaliza. Nikajidai ni heshima. Kumbe niliogopa kukataliwa tena."

"Na huyo mtu naye alikudanganya. Hakuweza kabisa. Aliona haya kusema, yeye anayewafundisha wenzake waseme."

"Basi namuuliza tena. Nije?"

"Njoo," alisema mwalimu. "Uje na hiyo tepu. Mama anahitaji kiti."

Wanafunzi walipiga makofi kabla hawajaelewa wanapigia nini.

Jioni ileile fundi alisimama mlangoni. "Shikamoo, mama. Naomba ruhusa nikupime."

Mama alimtazama kuanzia viatu hadi nywele. "Marahaba. Umekuja kwa ajili ya kiti, au kwa ajili ya binti?"

"Vyote, mama, mkiniruhusu."

"Anza na kiti. Binti ana mdomo wake."

Fundi alipima, akauliza panapouma, akapima tena. Kutoka jikoni ilisikika sauti: "Mimi jibu ninalo tayari! Ila sijaulizwa!"

Fundi alikunja tepu, akaenda hadi mlango wa jikoni, akaketi sakafuni ili macho yao yawe sawa. Mikono aliiweka magotini, mbali na magurudumu.

"Naomba kuuliza," alisema. "Utakubali nikuoe?"

"Ndiyo," alisema mwalimu, huku akijifuta machozi kwa ncha ya kilemba. "Na kesho uniulize tena."