Samaki wa Mbwana na Joto la Segese

Asubuhi ya Segese huanza na kelele za makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Vumilia alikuwa amezizoea. Alitoa cherehani barazani, akaanza kutia viraka kwenye ovaroli za wachimbaji. Uani, mama yake alikuwa anapepeta mchele. Watu walimwita Mama Maduhu, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Alikuwa amekuja kutoka Didia kumtembelea binti yake.

Kila alipomaliza mshono mmoja, Vumilia aliinuka. Aliingia sebuleni, akainama, akamchungulia samaki. Kisha alirudi kwenye cherehani.

Wateja walimcheka. Mtu mzima anaacha kazi kwenda kuangalia samaki asiyeliwa! Wangejua Vumilia alivyokuwa na hofu moyoni, wasingecheka.

Samaki huyo hakuwa mali yake. Alikuwa wa marehemu Mbwana, shemeji yake wa Tanga. Ni samaki wa baharini, mdogo kama kidole gumba, rangi ya chungwa, na mistari myeupe ubavuni. Mbwana alimpa jina la Chungwa. Alimfuga miaka mingi katika tangi dogo la kioo, lenye maji ya chumvi yasiyozidi ndoo mbili.

Mbwana alipofariki, mdogo wake Masudi alikwenda Tanga kuzika. Masudi ndiye mume wa Vumilia. Alirudi Segese kwa basi, tangi mapajani, samaki ndani ya ndoo, na kipampu kidogo cha betri kikitia hewa kwenye maji. Abiria wenzake walimwona kichaa.

Sasa Masudi alikuwa Tanga tena, kwenye arobaini ya kaka yake. Siku ya kuondoka alisimama mbele ya tangi muda mrefu.

"Vumi," alisema, "kaka yangu hakuacha mtoto. Kaacha huyu. Alimlisha kwa mkono wake kila siku. Nakuomba nikirudi nimkute."

Alimwonyesha mkewe kipimajoto kilichobandikwa ndani ya kioo. "Joto likae kati ya ishirini na nne na ishirini na saba. Likitoka hapo, ujue kuna hatari."

Mambo yalikwenda vizuri mpaka Mama Maduhu alipofika.

"Ng'wana wane," alisema mama, maana yake mwanangu. "Maji gani haya yanakaa wazi ndani ya nyumba? Mimi nimekulea hivyo?"

"Mayu, mama yangu, ni ya samaki."

"Hata kama. Maji hufunikwa. Na huyo jirani yenu anachoma dhahabu yake nyuma ya ukuta. Moshi wa zebaki ukiingia humo je?"

Hapo Vumilia alishtuka. Kweli, jirani alikuwa anachomea uani kwake zebaki, ile dawa ya kunasia dhahabu. Zebaki inaua, kila mtu alilijua hilo. Basi akachukua sinia, akafunika tangi. Mama akaongeza kitenge juu yake, akakiviringisha vizuri kama wanavyofunika mtungi kwao Didia. Wote wawili wakaridhika.

Ulikuwa mwezi wa kumi. Mvua zilikuwa hazijaanza. Nyumba ya Vumilia ni ya bati, haina dari, na mchana jua la Segese halina huruma na mtu.

Siku iliyofuata, saa nane mchana, Vumilia alifunua kitenge. Chungwa alikuwa juu kabisa ya maji, mdomo wazi, mashavu yanakwenda mbio. Alikuwa anahema kama mtu aliyekimbizwa. Kipimajoto kilisoma thelathini na moja.

"Mayu! Njoo uone! Samaki anakufa!"

Mama alikuja mbio na ungo mkononi. "Yana joto hayo. Yatie barafu."

Vumilia hakufikiri mara mbili. Alikimbia duka la jirani, akaleta barafu ya mfuko, akaipasua, akaitumbukiza yote ndani ya tangi. Maji yalipoa upesi. Lakini badala ya kupona, Chungwa alitetemeka, akalala ubavu, akazama polepole mpaka chini.

Akilini Vumilia alimwona Masudi anaingia mlangoni na begi lake. Atamwambia nini? Kwamba kaka yake amekufa mara ya pili, na safari hii amefia mkononi mwake?

"Nimemuua, mayu. Nimemuua samaki wa Mbwana!"

Kelele hizo zilimfikia Eunice. Eunice ni afisa uvuvi wa kata, amepanga nyumba ya pili. Kazi yake kubwa ni kuwafundisha wakulima kufuga perege kwenye mabwawa. Lakini uvuvi alisomea pwani.

"Hodi! Kuna nini humu? Shikamoo mama."

"Marahaba, binti yangu. Mtazame huyu samaki. Sisi tumeshindwa."

Eunice alipiga magoti mbele ya tangi. Alitoa haraka vipande vya barafu vilivyobaki. Alisoma kipimajoto. Kisha akatazama mashavu ya samaki. Vumilia naye alitazama.

"Bado anapumua," alisema Eunice. "Tusimguse. Pampu iachwe ifanye kazi. Barafu mmeitia saa ngapi?"

"Sasa hivi tu. Yalikuwa thelathini na moja, nikaogopa."

"Kuogopa ulikuwa na haki. Maji ya moto hayashiki hewa nyingi, ndiyo maana alipanda juu kuitafuta. Lakini umemtoa kwenye joto kali ukamtia kwenye baridi ghafla. Mwili wake hauwezi. Tena barafu ile ni maji yasiyo na chumvi. Umempunguzia chumvi kwa mkupuo mmoja."

"Atapona?"

"Sijui, Vumilia. Sitakudanganya. Tungoje."

Neno hilo lilimchoma Vumilia. Alikaa sakafuni, mikono kichwani. Eunice naye alikaa karibu yake, lakini macho yake yalikuwa yanazunguka chumba.

"Sinia hili na kitenge vilikuwa wapi?"

"Juu ya tangi," alijibu Mama Maduhu. "Mimi ndiye niliyesema afunike. Moshi wa zebaki."

"Mama, hofu yako ni ya kweli, ila mfuniko hauzuii moshi ule. Na moshi huo unawadhuru ninyi kabla ya samaki. Uchomaji wa zebaki haufai kuwa karibu na nyumba za watu. Nitakwenda na mwenyekiti wa kitongoji tuongee na jirani leo hii. Ila tangi mlilifunga kama sufuria. Maji ya baharini yako mengi, jua likiwaka mchana kutwa hayapandi joto upesi. Haya ni ndoo mbili tu. Kijiko cha uji na chungu kizima cha uji, kipi kinabadilika joto haraka?"

"Kijiko," alisema mama.

"Basi tangi hili ni kijiko. Kila kitu kinaligusa upesi. Joto, baridi, hata taa."

Eunice aliinuka. Alizima taa ya tangi, maana nayo hutoa joto. Alichomoa hita, kile kijiti cha kupasha maji. "Hii itawafaa miezi ya baridi, usiku. Hujizima yenyewe maji yakitosha joto, lakini inaweza kuharibika ikakwama. Aminini kipimajoto. Kisomeni asubuhi, mchana na jioni."

Alifungua madirisha yote mawili. Dirisha la magharibi, linalopigwa na jua la mchana, akalitundikia blanketi zito. Badala ya sinia, alikata kipande cha chandarua safi cha zamani kisicho na dawa, akakifunga juu ya tangi. "Vumbi kubwa na mijusi havitaingia. Lakini hewa itapita."

"Na maji yakipanda joto tena?" aliuliza Vumilia.

"Lete feni."

Feni ndogo iliwekwa kando, ikapuliza juu ya uso wa maji. "Ukitoka kuoga, upepo ukikupiga, si unasikia baridi? Maji yanayopaa kwa mvuke yanaondoka na joto. Hewa ya huku kwetu ni kavu, itasaidia sana. Ila maji yatapungua. Utayajaza kidogo kidogo kwa maji ya chupa ya dukani, yasiyo na chumvi."

"Yasiyo na chumvi?" Mama Maduhu alidakia. "Si umesema chumvi imepungua?"

"Leo imepungua kwa sababu ya barafu, nitaipima na kuirudisha taratibu. Siku nyingine hakuna haja. Ukichemsha maji ya chumvi yakakauka, chumvi inakwenda wapi?"

"Inabaki kwenye sufuria."

"Na humu inabaki. Ukijaza ya chumvi kila siku, samaki ataishi kwenye brini."

"Kwenye nini?"

"Maji ya chumvi kali, mama. Atakauka akiwa ndani ya maji."

Mama alicheka kidogo, akajiziba mdomo. Haukuwa wakati wa kucheka.

"Na siku ya dharura," aliendelea Eunice, "gandisha chupa ndogo ya maji, kifuniko kimekazwa, iweke ielee. Joto likishuka digrii moja, itoe, ungoje kama saa moja. Polepole ndiyo dawa. Na siku za joto mpe chakula kidogo, kisichoze ndani."

Vumilia hakuwa anasikia tena. Alikuwa amekaza macho kwenye tangi. Pezi moja lilitikisika. Likatikisika la pili. Chungwa alijaribu kunyanyuka, akaanguka, akajaribu tena. Safari hii alisimama. Vumilia alimkumbatia mama yake wakalia wote.

Tangu siku ile, kipimajoto kilisomwa kwa zamu. Kilikaa ishirini na sita, mara ishirini na saba. Jirani alikubali kuhamisha uchomaji wake mbali na makazi, baada ya mwenyekiti kupaza sauti kidogo. Chungwa alirudia kula.

Siku Masudi aliporudi, umeme ulikuwa umekatika tangu saa tano. Feni ilisimama. Bati lilikuwa linalia kwa joto. Vumilia alitia betri kwenye kile kipampu kidogo, hewa ikaendelea. Lakini kipimajoto kilianza kupanda, na ile hofu ikamrudia yote. Friji ya dukani nayo ilikuwa imeharibika siku mbili kabla, hakukuwa na barafu wala chupa iliyoganda.

"Upepo ni upepo," alisema Mama Maduhu. Alichukua ungo wake, akavuta kigoda mbele ya tangi, akaanza kupepea juu ya maji.

Hivyo ndivyo Masudi alivyowakuta. Alisimama mlangoni, begi begani. Mama mkwe wake, ambaye kwa heshima ya ukwe Masudi humsalimia kwa mbali, alikuwa sebuleni, jasho linamtiririka, anampepea samaki.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Nisamehe sisimami. Nikiacha, maji yanapanda joto."

Vumilia alisogea mbele. "Mume wangu, nilikosea. Tulimfunika, akapata joto. Nikamtia barafu, akaanguka. Alikaribia kufa."

Masudi alikwenda mpaka kwenye kioo, akainama. Chungwa alimsogelea, akasimama usoni pake, mapezi yanacheza. Kipimajoto kilisoma ishirini na saba na nusu.

"Mnapepea tangu saa ngapi?" aliuliza.

"Tangu feni izime," alisema Vumilia.

Kule Tanga, Masudi hakutoa chozi. Hakulia makaburini, wala kwenye dua. Watu walimsifu kwa uvumilivu wake. Sasa aliweka begi chini, akanyoosha mikono miwili.

"Nipe, mama. Pumzika."

Mama mkwe alimpa ungo. Masudi akakaa kwenye kigoda, akaanza kupepea. Machozi yalianza kumtoka, yakamlowesha shati, na hakuuacha ungo hata kuyafuta.