Rangi Iliyokataa Kutokea

Haya yalimpata rafiki yangu, mpima maji, baada ya binti yake wa pekee kufariki kwa kunywa maji ya kijito yenye sumu. Alitaka kujua jambo moja tu: sumu ilitoka wapi.

Mchana mmoja, mwenzake alimwaga rangi ya kijani kwenye mtaro wa kiwanda cha ngozi. Ikitokea kijitoni, ushahidi umepatikana. Rafiki yangu aliingia kalavatini, kijito kinapopita chini ya barabara, akaingoja gizani. Maji yalidondoka, tone, tone. Kisha akasikia kikohozi chembamba, kikavu.

"Kaka, umepaliwa?" mwenzake aliita kutoka nje.

"Si mimi."

"Basi vyura siku hizi wana mafua!"

Hakucheka. Kikohozi kile alikijua. Walingoja mpaka jioni, na rangi haikutokea.

Nyumbani alimkuta mkewe amesimama jikoni.

"Mume wangu, nani kashika kikombe cha mwanetu?"

Tangu mazishi kilikaa rafuni, kimefunikwa, kikavu. Sasa kilikuwa na maji ya kijani, yamebaki nusu, kama mtoto alivyozoea kuyaacha.